Kampuni ya bima inataka daktari wake anipime goti. Niende?

Shangazi, shikamoo.

Mie ni mama wa watoto wanne, nina miaka 46, naishi Makorora hapa Tanga. Kazi yangu ni samaki. Alfajiri nakwenda Deep Sea kununua, narudi naparua, natia chumvi na ndimu, nakaanga, kisha jioni najitwika beseni napita mitaa ya Makorora na Mikanjuni. Kazi hiyo imewafikisha wanangu wawili kidato cha nne, na wengine wawili bado wako shule.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilipanda bajaji kurudi nyumbani. Lori likatupitia ubavuni, nikarushwa nje, goti la kulia likapiga ukingo wa barabara. Mfupa wa muundi ulivunjika pale juu unapoingia kwenye goti. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma na skrubu, nikatembea na magongo miezi mitano. Dereva wa lori alikiri kosa mahakamani akalipa faini, kwa hiyo nani mwenye makosa si ugomvi tena.

Ugomvi ni goti. Halikunji hadi mwisho. Siwezi kuchutama jikoni, siwezi kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nasali kwenye kiti. Nikijitwika beseni, kwenye ngazi au mtaro goti linalegea. Siku hizi binti yangu ndiye anayetembeza, nami nauza kidogo barazani.

Daktari aliyenipasua aliniandikia barua ya mistari mitatu: nilivunjika, nilitibiwa, nimepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 20. Nimeipeleka bima. Wamenijibu kwamba eksirei ya karibuni inaonyesha goti limesagika, na kusagika kunatokana na umri na uzito, si ajali. Kisha wakasema niende Dar es Salaam nikapimwe na daktari huru waliyemchagua wao. Na juzi mtu wao akanipigia simu, akanitajia kiasi cha fedha, akasema nikisaini tu naletewa wiki hii hii.

Shemeji yangu ananiambia nirudishe magongo siku ya kupimwa na nipige kelele daktari akinigusa. Kijana mmoja anayezungukazunguka na mambo ya madai anasema atanitolea karatasi ya asilimia 60, nimpe chake. Na daktari wangu amesema wazi kwamba mambo ya mahakamani hana nafasi nayo.

Shangazi, daktari anayelipwa na bima anakuwaje huru? Nimfuate shemeji? Na tukifika mahakamani, barua ya daktari wangu itajisemea yenyewe? Nimechoka, na ada ya muhula inadaiwa.

Mwenye Beseni, Makorora

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa goti, na pole kwa mwaka mzima wa kuzungushwa.

Nianze na hiyo karatasi ya kusaini, maana ndiyo inayoweza kukufungia mlango wote kwa siku moja. Hati ya namna hiyo kwa kawaida inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine juu ya ajali ile. Goti likikaza mwakani, chuma kikahitaji kutolewa, au bingwa akasema kiungo kibadilishwe, gharama zitakuwa zako. Najua ada haisubiri, na wao pia wanajua, ndiyo sababu simu ilikuja sasa. Usisaini mpaka mambo mawili yameandikwa na watu wanaojua: goti limefikia wapi katika kupona, na kusagika huko kumesababishwa na nini. Wakitaka kukupa fedha, waandike barua inayotaja kiasi na maana ya kukipokea. Ahadi ya simu iache hewani ilikotoka.

Kijana wa asilimia 60 mkimbie. Ripoti ya kughushi ni jinai, na atakayeulizwa kwanza ni wewe uliyeipeleka. Daktari aliyesaini bila kukupima anaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba una dai la kweli. Wakili wa upande wa pili akishaivunja ile 60 ya uongo, hakimu hatakuwa na sababu ya kuiamini 20 ya kweli. Vishoka hawaharibikiwi na kitu. Wanachukua chao wanaondoka, na mama anabaki na goti lake na jina la mwongo.

Sasa tuje kwa daktari wa Dar.

Kwanza, elewa kwamba hatakuwa daktari wako. Hatakutibu, hatakuandikia dawa, na siri ya daktari na mgonjwa uliyoizoea haifanyi kazi kwa namna ile ile: utakayomwambia ataandika, na ripoti itakwenda kwa waliomwita. Anaitwa huru kwa sababu hakukutibu na hatakiwi kuwa na faida yoyote kwenye matokeo. Kwamba analipwa na bima ni kweli, na usione aibu kulisema. Nchi nyingine zimelihangaikia jambo hili muda mrefu. Uingereza, Kanuni ya 35 ya mwenendo wa mashauri ya madai, iliyoanza kutumika 1999, inasema wajibu wa shahidi mtaalamu ni kuisaidia mahakama, na wajibu huo unaupita ule alionao kwa anayemlipa. Marekani, kwenye mahakama za shirikisho, anayetaka mwenzake apimwe na daktari bila ridhaa yake lazima aombe amri na aonyeshe sababu ya msingi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama ipokee maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba maoni hayo hayamfungi hakimu. Akiyakataa anatakiwa tu atoe sababu.

Maana yake kwako ni kubwa. Hakimu hahesabu nani ana daktari mwenye cheo kirefu zaidi, wala hagawi katikati ya asilimia 20 ya daktari wako na, tuseme, asilimia 5 ya daktari wa bima. Anatafuta ripoti gani imesimama juu ya vipimo na sababu anazoweza kuzifuata yeye asiye daktari. Kwa hiyo uhuru wa daktari huyo utauona kwenye karatasi yake: kama amesoma faili tangu siku ya kwanza, kama amepima magoti yote mawili, kama ametaja pia yale yanayokufaa wewe, na kama hitimisho linatoka kwenye aliyoyaona. Ripoti inayosema tu "ni umri" bila kueleza kwa nini umri ulichagua goti la kulia na kuliacha la kushoto ni ripoti dhaifu, hata ikiwa na mihuri mitano.

Kwa hiyo niende au nisiende? Kabla ya kesi kufunguliwa hakuna wa kukulazimisha. Mwili ni wako. Lakini ukikataa bila sababu, wataandika kwamba uligoma kupimwa, na mazungumzo yatakwama hapo. Mimi ningekwenda. Ningeomba kwanza kwa maandishi jina la daktari, fani yake, na ahadi kwamba nakala ya ripoti nitapewa. Kama jeraha ni la mfupa na aliyechaguliwa si mtu wa mifupa, hapo una haki ya kuhoji.

Kuhusu shauri la shemeji, nimekaa wodi ya majeruhi miaka mingi, na nakuambia: daktari mzoefu anaanza kukupima hujamwona. Anakutazama unavyoshuka kwenye gari, unavyovua viatu, unavyopanda kitandani. Magongo uliyoyaacha muda mrefu yanajulikana kwa mkono laini usio na sugu na kwa jinsi unavyoyashika. Na kuna vitu ambavyo kelele haiviongezi wala kuvipunguza. Atachukua utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, azungushe paja la kulia sentimita kadhaa juu ya goti, kisha la kushoto mahali pale pale. Mguu usiotumiwa sawasawa hunywea, na paja lililonywea halidanganyi kwa upande wowote. Atapima kukunja kwa nyuzi. Goti zima hukunja takriban nyuzi 135 hadi 140. Kutembea sakafuni kunahitaji kama 60 au 70 tu. Kuchutama kikamilifu kunadai zaidi ya 120. Unaona basi jinsi mtu anavyoweza kuingia ofisini kwa daktari anatembea vizuri, na bado asiweze kupika chini wala kusujudu. Ukiigiza kilema cha kutembea, utaifunika hiyo kweli ambayo ndiyo nguvu ya dai lako.

Tena nina wasiwasi na kinyume chake zaidi ya nilivyo na wasiwasi na shemeji. Sisi wanawake wa pwani tumelelewa kutolalamika mbele ya mgeni. Daktari anauliza, "Mama, hali?" nasi tunajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Naye anaandika: mgonjwa anasema hana tatizo. Nimeyaona hayo kwenye mafaili, na wakili wa upande wa pili huyasoma kwa sauti kubwa mahakamani. Salamu mjibu kwa adabu zako zote. Kisha akiuliza habari ya goti, jibu habari ya goti. Usiseme "linaniuma sana". Sema linauma wapi, ukifanya nini, kwa muda gani, na unafanya nini lipoe. Sema unasimama kwenye karai dakika ngapi kabla ya kutafuta kiti. Sema beseni la kilo ngapi ulikuwa ukijitwika, na sasa ngapi. Mweleze choo cha nyumbani ni cha kuchutama na unajisaidiaje. Mweleze swala. Na yale unayoyaweza sema unayaweza: kama unafika Ngamiani kwa miguu bila kupumzika, usiseme huwezi. Kama wiki iliyopita ulikuwa harusini ukacheza wimbo mmoja, na video iko kwenye simu ya kila aliyehudhuria, lisiwe jambo la kufichuliwa baadaye.

Akiuliza kama goti hilo liliwahi kuuma kabla ya ajali, mwambie kweli. Wengi huona hapa ndipo pa kuficha, na hapa ndipo wanapopoteza kesi, maana kadi ya zahanati ya miaka sita nyuma hupatikana. Kuwa na maumivu ya zamani hakuui dai. Katika sheria ya kawaida ya Kiingereza, ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, ambayo mahakama zetu ziliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kuna kanuni iliyosemwa London 1901 katika shauri la Dulieu na White: aliyemuumiza mtu humchukua kama alivyomkuta. Aliyegonga goti lililokwisha kuchoka hawezi kujitetea kwamba goti zima lingestahimili. Atakachoweza kubishania ni kiasi gani cha shida ya leo kingekuwapo hata kama lori lisingepita. Na hilo ni swali la daktari kulijibu kwa ushahidi.

Ushahidi wenyewe, mwanangu, pengine unao chini ya godoro.

Namaanisha picha ya eksirei ya siku ya ajali. Ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote katika jambo lako, na sioni popote kwenye barua yako kwamba kuna aliyeitaja. Goti linalosagika kwa umri huota vichomozo vidogo vya mfupa pembeni ya kiungo. Vichomozo hivyo haviwezi kuota kwa siku moja wala kwa wiki. Kama picha iliyopigwa saa chache baada ya lori kukurusha inaonyesha vichomozo, basi kusagika kulianza kabla, na itabidi tukubali. Kama picha ile inaonyesha mfupa uliovunjika lakini kingo za goti ni safi, na picha ya juzi inaonyesha vichomozo na nafasi iliyobana, basi kusagika kumekuja baada ya ajali, na "umri" haujibu. Tena njia yenyewe inajulikana kitabibu: mpasuko wa mfupa ukiingia hadi kwenye uso wa kiungo huchana gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, na kuacha uso usio sawa, na uso usio sawa hulika haraka. Wewe ulivunjika pale pale.

Kisha kuna goti la kushoto. Lina umri ule ule, limebeba mwili ule ule na beseni lile lile. Omba lipigwe picha pamoja na la kulia, yote mawili ukiwa umesimama. Ukiwa umelala nafasi ya kiungo huweza kuonekana pana kuliko ilivyo; ukisimama uzito unaibana na ukweli unaonekana. Kama la kushoto liko salama na la kulia limekwisha, bima wana kazi ya kueleza uzito uliobagua mguu mmoja. Na kama yote mawili yamesagika sawasawa, ni afadhali ulijue sasa kuliko kulisikia mbele ya hakimu.

Kwa hiyo leo hii tafuta picha ile. Kama uliichukua nyumbani, itoe kwenye unyevu, usiikunje, usimwachie mtu yeyote ile halisi. Kama ilibaki hospitali, kaombe nakala yake pamoja na muhtasari wa upasuaji, kadi za kliniki, na rekodi za mazoezi ya viungo. Tafuta pia nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari aliijaza mwanzo. Tarehe yake na maelezo yake ya jeraha yanaunganisha goti na ajali bila kupita kwa mtu mwingine. Yote hayo nenda na nakala zake kwa daktari wa Dar, umkabidhi mwenyewe, na uandike orodha ya ulivyompa. Daktari akiandika kwamba hakuona rekodi za awali, orodha yako itamjibu.

Barua ya daktari wako sasa. Nakuambia bila kumkosea heshima: amekutibu vizuri, lakini barua ya mistari mitatu haitakusaidia. Asilimia 20 imetoka wapi? Amepima nyuzi ngapi? Ametumia mwongozo gani? Siku aliyoandika goti lilikuwa limefika mwisho wa kupona au lilikuwa bado linabadilika? Ulemavu wa kudumu ukipimwa mapema mno unaweza kuzidi au kupungua, na aliyepima mapema huvunjwa kwa swali moja. Mrudie kwa upole, umwombe ripoti kamili: jeraha lenyewe na lilivyoingia kwenye kiungo, aliyoyaona kwa macho yake alipofungua goti, hali ya gegedu wakati ule, vipimo vya leo vya miguu yote miwili, maoni yake kuhusu chanzo cha kusagika pamoja na sababu, na matibabu yanayotarajiwa mbele. Yeye ana kitu ambacho wa Dar hatakuwa nacho kamwe. Aliliona goti lako ndani. Kama alikuta gegedu nzima iliyochanwa, na si gegedu iliyolika, na akaliandika kwenye muhtasari wa upasuaji siku ile ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria madai, basi hayo ni maneno mazito kuliko ripoti yoyote iliyoandikwa baadaye kwa ajili ya kesi.

Na asilimia yenyewe usiiabudu. Mwongozo unaojulikana zaidi duniani wa kupima ulemavu wa mwili, ule wa Chama cha Madaktari cha Marekani uliotoka kama kitabu mara ya kwanza 1971, wenyewe unaonya kwamba asilimia za kasoro ya mwili si kipimo cha moja kwa moja cha kushindwa kazi. Goti linalokunja nyuzi 100 kwa karani wa benki ni usumbufu. Kwa mama anayepika chini na kutembeza beseni kichwani ni mtaji uliokufa. Daktari anaweza kusema goti linakunja kiasi gani. Kazi yako ilivyo ataisema mtu anayeijua. Anayekuuzia samaki Deep Sea anaweza kueleza ulikuwa unachukua ndoo ngapi na sasa ngapi. Daftari la kikoba linaonyesha ulivyokuwa ukiweka na ulivyoacha. Hao ni mashahidi wazuri, na hawadai ada. Risiti za dawa, nauli za kliniki, kila ulicholipa, kusanya pia, maana hasara ya fedha iliyokwisha kutoka lazima itajwe na kuthibitishwa moja moja. Maumivu na kupungukiwa maisha huachiwa busara ya mahakama.

Hapa niseme neno kwa wasomaji walioajiriwa viwandani, bandarini na kwenye mashamba ya mkonge, maana barua zao nazo ninazo: njia yenu ni nyingine. Ukiumia kazini unadai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wenye utaratibu wake wa tathmini na madaktari waliofundishwa kuifanya. Kule asilimia ina uzito wa moja kwa moja: ulemavu wa kudumu usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mwanangu wa beseni hana mwajiri, kwa hiyo dai lake ni kwa mwenye lori na bima yake.

Umeuliza kama barua itajisemea yenyewe mahakamani. Haitajisemea. Upande wa pili ukiipinga, watataka aliyeiandika aje aulizwe maswali. Asipokuja, inaweza kukataliwa au kupewa uzito mdogo. Daktari wako asikutishe na kusema hana nafasi. Madaktari wengi wanaogopa kizimba kuliko chumba cha upasuaji, na ninawaelewa, wanaitwa asubuhi kesi inaahirishwa mchana. Mahakama inaweza kumwandikia hati ya wito, nawe utatakiwa kuweka gharama zake za kuja. Ila kabla ya wito, mwendee kama binadamu. Mwambie hutaki akupendelee, unataka aje aseme alichokiona. Mara nyingi ripoti ikiwa kamili na yenye sababu, upande wa pili huona heri kumaliza nje ya mahakama, na daktari haitwi kabisa.

Dai la kuumizwa kwa uzembe lina ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Wapo waliozungushwa kwa lugha tamu mpaka muda ukaisha. Kwa hiyo usingoje ripoti ya Dar ndipo umtafute wakili. Mtafute sasa, apeleke barua ya madai, achukue hukumu ya kesi ya yule dereva, na ahakikishe kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwamba lori lilikuwa na bima hai siku ile. Kama huna uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. Ulizia wasaidizi wa kisheria kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Na kuhusu ada, nenda kwa mwalimu mkuu na nakala ya PF3 na kadi ya kliniki, uombe kulipa kidogo kidogo. Usilipe ada kwa kuuza goti.

Safari yenyewe usiigharamie. Waliokuita ndio waliotaka upimwe, basi waandikie sasa kwamba utakwenda kwa sharti walipe nauli ya basi kwenda na kurudi, chakula, na malazi kama miadi ni ya asubuhi, na ya binti yako pia, kwa kuwa kukaa garini saa nyingi na goti hilo kunahitaji msaidizi. Wasipotaka, wapendekeze bingwa wa mifupa akupime hapa hapa Tanga. Binti akifuatana nawe, aombe kuingia chumbani. Akikataliwa, akae mlangoni na aandike umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Nawe ukitoka, kabla hamjapanda gari, mwambie akuandikie daktari alikuuliza nini, alipima nini, na goti lipi hakuligusa.